Darasa la kupogoa zabibu lililokuwa likiganda: uchambuzi wa kisa cha kuchagua kasi ya biti

Chama kimoja cha wakulima wa zabibu jijini Dodoma kiliamua kurusha mubashara darasa la kupogoa mizabibu kutoka shamba lililoko upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa, ili wanachama wake wa Hombolo, Veyula, Bahi na Mvumi wajifunze wakiwa huko huko waliko badala ya kukodi magari kuja mjini. Ilikuwa Oktoba, jua kali, upepo wa kiangazi bado unavuma na mvua zinasubiriwa. Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na upogoaji wa wakati huo ndio unaoamua mavuno ya mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa hiyo darasa hilo halikuwa jambo la kuahirishwa hadi mtandao utakapotulia.

Kundi lililokodiwa kurusha matangazo lilikuwa na kamera nzuri na watu wanaojua kuitumia. Walipanga picha ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu (picha tuli) 30 kwa sekunde, na kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde, ya kilobiti 4,500 kwa sekunde kwa ajili ya picha na 128 kwa ajili ya sauti. Namba hizo hawakuziokota barabarani, kwani zinakaribiana na mipangilio ambayo baadhi ya majukwaa makubwa ya video hupendekeza kwa picha ya ukubwa huo, na jioni iliyotangulia zilijaribiwa ofisini mjini, kwenye intaneti ya faiba, zikapita bila shida yoyote. Shambani hakukuwa na faiba. Kulikuwa na modemu ya laini ya simu iliyofungwa juu ya mti wa mwembe.

Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri, kisha sauti ikaanza kukatika, picha ikawa inaganda na kuruka, na kabla bwana shamba hajamaliza kueleza tawi la pili watazamaji wengi walikuwa wanaangalia kiduara kinachozunguka. Nilipoombwa kuchunguza nilipewa kumbukumbu za enkoda (kifaa kinachobana picha na sauti kabla ya kutumwa), rekodi iliyobaki kwenye seva (kompyuta inayopokea matangazo na kuyagawa kwa watazamaji), na namba za simu za viongozi wa vikundi vya watazamaji. Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu makosa yake ndiyo yanayojirudia katika ibada, harusi, mikutano na masomo yanayorushwa kutoka mikoa ya kati, na kwa sababu karibu kila sehemu ya uamuzi wa kuchagua kasi ya biti ilijitokeza humo kwa uwazi.

Kutenga tatizo

Matangazo ya aina hii husafiri katika hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka shambani hadi kwenye seva, na ya pili ni kutoka kwenye seva hadi kwa kila mtazamaji. Mtu anayelalamika kwamba video inaganda hawezi kujua ni hatua ipi imekwama, na mrushaji asiyezitenganisha atapunguza kasi ya biti kwa kukisia, apate nafuu leo, kesho arudi palepale. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuuliza muda. Ikiwa watu wa Hombolo, Bahi na Mvumi wote wameganda katika sentensi ileile ya mwalimu, tatizo liko upande wa kurusha. Ikiwa kila kikundi kimeganda kwa wakati wake, tatizo liko upande wa kupokea.

Majibu yalionyesha yote mawili. Vikundi vyote vilipoteza maelezo yaleyale kuhusu tawi la pili, na rekodi ya seva ilikuwa na mapengo mahali hapohapo, jambo linalothibitisha kwamba data hazikufika kwenye seva kabisa. Lakini Mvumi na Bahi waliganda mara nyingine nyingi ambazo wenzao hawakuziona. Kwa hiyo ilibidi kasi ya biti itafutwe mara mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Upande wa kurusha

Kipimo cha kawaida cha kasi ya intaneti hudumu kwa sekunde chache na kutoa namba moja ya kufurahisha. Kwa kazi ya kurusha mubashara namba hiyo haina uzito, kwa sababu matangazo hayahitaji kasi ya sekunde chache, yanahitaji kasi isiyoshuka kwa saa nzima na nusu. Tulirudi shambani saa nne asubuhi, saa ambayo darasa hufanyika, tukatuma data mfululizo kwenda kwenye seva kwa muda wa nusu saa huku tukiandika kasi iliyofika. Ilikuwa inapanda hadi karibu megabiti 6 kwa sekunde, ikishuka hadi megabiti 2.5, na wastani wake ulikuwa kama 4. Yaani hata katika hali ya wastani, kilobiti 4,628 za matangazo ya kwanza zisingeweza kupita.

Kwa laini ya simu hali hiyo ni ya kawaida. Mnara mmoja unagawana masafa yake kati ya simu zote zilizo karibu, na upande wa kupandisha data huwa dhaifu kuliko wa kushusha, kwa kuwa simu au modemu ina nguvu ndogo sana ya kutuma ikilinganishwa na mnara, na mitandao yenyewe kwa kawaida hutenga uwezo mkubwa zaidi kwa ajili ya kushusha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Dodoma miaka mingi sasa, na nyaya za baharini kama SEACOM, uliozinduliwa Julai 2009, zimeiunganisha Tanzania na dunia, lakini uwezo huo wote hausaidii kitu ikiwa kipande kati ya mwembe na mnara ndicho chembamba.

Kilichotokea ndani ya enkoda kinaeleweka kwa urahisi. Ilikuwa inatuma kwa RTMP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kurusha video, ambayo hupanda juu ya itifaki nyingine, TCP. TCP inahakikisha kwamba kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inafika na kwa mpangilio wake. Pakiti moja ikipotea hutumwa tena, na zilizo nyuma yake husubiri. Mtandao unapopungua nguvu, enkoda inaendelea kuzalisha kilobiti zilezile, foleni inarefuka, na ikijaa enkoda inaanza kutupa fremu. Kumbukumbu zake zilionyesha fremu zikitupwa kwa makundi katika muda uleule ambao rekodi ina mapengo.

Wengi huanza hesabu na wastani. Mimi naona wastani hauna kazi hapa, kwa sababu dakika mbili za kasi ya megabiti 2.5 zinatosha kuvunja darasa hata kama dakika zote zilizobaki zina megabiti 6. Tulichukua kiwango cha chini kilichodumu, yaani kilobiti 2,500, tukajiruhusu kutumia chini kidogo ya theluthi mbili zake, na hapo ikapatikana bajeti ya kilobiti 1,600 kwa picha na sauti kwa pamoja. Theluthi iliyoachwa haipotei: ndiyo inayobeba pakiti zinazotumwa upya, vichwa vya pakiti, milipuko ya ghafla ya data wakati picha inapobadilika, na simu za watu waliohudhuria shambani ambazo nazo zinatumia mnara uleule. Bajeti inayokaba hadi kwenye ukingo huonekana nzuri kwenye majaribio na kuanguka siku yenye wageni.

Modemu nayo ilihamishwa kutoka kwenye mwembe na kuwekwa juu ya nguzo upande unaotazama mnara, bila majani mbele yake. Kasi ya chini ilipanda kidogo, lakini bajeti hatukuiongeza.

Picha inahitaji kuonyesha nini

Hapa ndipo palipohitaji fikra zaidi kuliko hesabu. Nilipomweleza mwenyekiti wa chama kwamba ukubwa wa picha utapungua, kijana aliyeshika kamera alilalamika kwamba ubora utaharibika. Mwenyekiti, mama wa makamo ambaye ana ekari zake za mizabibu, alimjibu kwa upole: “Mwanangu, sisi hatuangalii rangi ya shati la bwana shamba. Tunataka kuona mkasi unakata wapi, na macho mangapi yanabaki.”

Jibu hilo ndilo lililokuwa maelekezo ya kiufundi tuliyoyahitaji. Katika upogoaji, kila kitu kiko kwenye kipande cha tawi kisichozidi urefu wa kiganja: macho mawili au matatu (sehemu ambapo machipukizi hutokea), mahali pa kukatia juu ya jicho la mwisho, na mteremko wa mkato. Kamera ilikuwa imesimama mbali ikionyesha safu nzima ya mizabibu, mbingu na watu, na jicho la mzabibu lilikuwa doa dogo hata katika picha ya pikseli 1920. Kamera ikisogezwa hadi tawi lijaze fremu, jicho lilelile linaonekana wazi zaidi katika picha ya pikseli 640 kwa 360 kuliko lilivyoonekana katika ile kubwa. Biti nyingi zilizokuwa zikitumwa zilikuwa zinabeba mambo ambayo hakuna mkulima aliyeyahitaji.

Na mbaya kuliko zote zilikuwa zinabeba majani. Kodeki, yaani mbinu ya kubana video au sauti, kama H.264 hupunguza data kwa kutotuma kila fremu nzima. Hugawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, kisha kwa kila mraba hutafuta ulikotoka katika fremu iliyotangulia, na kutuma tu maelekezo ya mwendo pamoja na tofauti iliyobaki. Ukuta uliotulia haugharimu karibu chochote. Mtu anayeongea akiwa ameketi anagharimu kidogo. Lakini safu ya mizabibu ambayo bado ina majani, ikipigwa na upepo wa Dodoma wa mwezi Oktoba, ni adhabu kubwa kwa enkoda kuliko mchezo wa mpira, kwa sababu kila jani linakwenda upande wake, linageuka, linaficha jingine, na kivuli chake kinacheza ardhini. Hakuna mraba wa nyuma unaofanana na wa sasa. Enkoda ikiwa na kikomo cha biti inalazimika kunyang'anya tawi lililo katikati ili kulipia majani yaliyo nyuma, na ndiyo maana katika rekodi ya kwanza, hata pale ambapo haikuganda, mkono wa bwana shamba ulikuwa umevunjika miraba miraba.

Dawa ilikuwa shuka. Shuka moja ya rangi ya kaki, isiyo na maua, ilitandazwa nyuma ya mzabibu unaofundishiwa na kufungwa kwa kamba kwenye waya za juu na za chini ili isipepee. Majani yaliyokuwa mbele ya tawi yalipunguzwa kabla ya matangazo kuanza. Kamera ikawekwa kwenye stendi, na uwezo wake wa kujitafutia fokasi ukazimwa, kwa sababu kila inapohangaika kutafuta fokasi fremu nzima hubadilika na biti hupaa bila faida. Katika jaribio la kilobiti 400, picha yenye shuka ilikuwa safi kuliko picha ya kilobiti 1,500 isiyo na shuka. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachoweza kuokoa zaidi ya kilobiti 1,000 kwa sekunde.

Ukweli kwamba picha yenyewe ndiyo inayoamua biti zake unakubalika hata kwa wakubwa. Netflix walikuwa na jedwali moja la kasi za biti kwa filamu zote, kuanzia kilobiti 235 hadi 5,800, na Desemba 2015 walieleza hadharani kwamba wanaliacha na kuanza kupanga kasi kwa kila filamu kulingana na ugumu wa picha zake, kwa kuwa katuni tulivu na filamu yenye punje nyingi za picha haziwezi kuhitaji kiasi sawa. Mrushaji wa mubashara hana nafasi ya kuchambua filamu kabla, lakini ana nafasi ambayo Netflix hawana: anaweza kutandaza shuka.

Baada ya hapo hesabu ya ukubwa wa picha ilikuja yenyewe. Ukigawanya kasi ya biti kwa idadi ya pikseli zinazotumwa kila sekunde, unapata sehemu ya biti inayoangukia kila pikseli. Mpangilio wa kwanza ulikuwa na pikseli 1920 mara 1080 mara fremu 30, yaani kama milioni 62 kwa sekunde, na kilobiti 4,500 ziliipa kila pikseli biti 0.072. Kama tungebaki na ukubwa huo kwa kilobiti 1,500, kila pikseli ingepata biti 0.024 tu, na picha ingekuwa ukungu mkubwa wenye miraba. Lakini picha ya 1280 kwa 720 kwa fremu 25 ina pikseli milioni 23 kwa sekunde, na kilobiti 1,500 zinairudisha kwenye biti 0.065. Hesabu hii ni ya kukadiria, haijui chochote kuhusu shuka wala majani, ila inatosha kumzuia mtu asilazimishe picha kubwa ndani ya kasi ndogo. Picha ndogo iliyoshiba ni bora kuliko picha kubwa yenye njaa, na simu ya mtazamaji itaikuza yenyewe hadi ijaze kioo.

Upande wa kupokea

Vikundi vya watazamaji havikuwa sawa. Hombolo walikuwa na projekta katika ukumbi na laini nzuri. Veyula walitazama kwenye simu kadhaa zilizopangwa mezani. Mvumi na Bahi wengi walikuwa majumbani, kila mmoja na bando lake, baadhi wakiwa kwenye mawimbi ya 3G. Kasi moja ya biti haiwezi kuwafaa wote hao: ikiwa ndogo inamdhulumu mwenye projekta, ikiwa kubwa inamfungia nje mwenye bando la siku.

Kwa hiyo shamba lilituma mkondo mmoja tu wa kilobiti 1,500 za picha na 64 za sauti, na seva ndiyo iliyotengeneza mikondo midogo kutokana na huo. Kutuma mikondo yote kutoka shambani kungedai jumla ya kasi zake zote katika laini ileile dhaifu, na hilo halikuwezekana. Seva ilitoa ngazi ya vidato vitano kwa itifaki ya HLS, ambayo Apple waliianzisha mwaka 2009 na ambayo leo inachezwa na simu za aina zote. Kidato cha juu ni 1280 kwa 720 kwa kilobiti 1,500. Kinafuata 854 kwa 480 kwa kilobiti 750, kisha 640 kwa 360 kwa kilobiti 400, kisha 426 kwa 240 kwa kilobiti 150 na nusu ya idadi ya fremu kwa sekunde. Cha mwisho ni sauti peke yake. Sauti ni ileile ya kilobiti 64, mkondo mmoja usio wa stereo, katika vidato vyote, ili mtazamaji anapopanda au kushuka asisikie mabadiliko yoyote.

Apple hushauri kwamba kidato na kidato kipishane kwa mara 1.5 hadi 2. Vikikaribiana zaidi ya hapo kicheza video hupanda na kushuka bila mtazamaji kuona tofauti. Vikiachana sana, anayeshindwa kidato kimoja anaangukia shimoni. Kati ya 150 na 400 tumezidisha nafasi hiyo kwa makusudi, na hata ngazi ya mfano ya Apple wenyewe inaruka kutoka 145 hadi 365, kwa kuwa huko chini picha ya kati haimsaidii mtu: ama anaona jicho la tawi, ama anasikiliza maelezo huku picha ikimwongoza tu.

Mikondo yote ilipewa fremu kamili, isiyotegemea fremu iliyotangulia, kila baada ya sekunde 2 na kukatwa katika vipande vya sekunde 4, kwa wakati uleule katika kila kidato, na enkoda ikakatazwa kujiongezea fremu kamili kila inapoona tukio jipya. Bila usawa huo, mtazamaji anayehama kidato hukuta kipande kinachoanza mahali pengine, na ndipo picha inaporuka. Kilele cha biti nacho kiliwekewa kikomo cha robo juu ya wastani. Jambo hili hupuuzwa sana. Kicheza video hupima kasi ya mtandao wake, kisha hulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye orodha ya vidato. Namba ikiwa ni ya wastani huku vipande halisi vikifika mara mbili yake, kicheza video kinadanganywa, kinapanda kidato kisichokiweza, na bafa, yaani akiba ya video iliyokwisha kupakuliwa, inakauka. Kwenye orodha tuliandika kilele.

Orodha yenyewe ilianza na kidato cha kilobiti 400, kwa sababu vicheza video vingi huanza na kile kilichotajwa kwanza kabla havijapima chochote. Matangazo ya kwanza hayakuwa na ngazi, kwa hiyo mtu wa Bahi mwenye 3G alilazimishwa kuanza na kilobiti 4,628.

Suala la kodeki tulilipitia haraka. HEVC ya mwaka 2013 ilibuniwa kutoa ubora wa H.264 kwa takriban nusu ya biti, na AV1 ya mwaka 2018 inakwenda mbali zaidi, lakini simu nyingi za bei nafuu zilizoko mikononi mwa wakulima zinacheza H.264 kwa maunzi yake (sakiti maalumu ndani ya simu) na hizo nyingine ama hazichezi, ama zinacheza kwa kulazimisha kichakataji hadi betri inaisha katikati ya darasa. Kwa mtu ambaye simu yake inachajiwa kwa sola, hilo linatosha kufunga mjadala.

Gharama ya mtazamaji

Kasi ya biti ni pesa ya mtu mwingine, na mrushaji hana haki ya kuisahau. Megabiti 1 kwa sekunde ikitiririka kwa saa nzima inakuwa megabaiti 450. Darasa la saa moja na nusu katika mpangilio wa kwanza lilikuwa linamtaka kila mtazamaji atumie zaidi ya megabaiti 3,100, jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Walioishiwa bando wakiwa wamebakiza nusu ya darasa walidhani mtandao umekatika. Kwenye kidato cha kilobiti 400 pamoja na sauti, darasa zima ni kama megabaiti 313. Kwenye kilobiti 150 ni 144. Kwa sauti peke yake ni 43. Namba hizo tatu ziliandikwa kwenye ujumbe wa mwaliko, na viongozi wa vikundi walieleza jinsi ya kufunga kicheza video kwenye kidato fulani kisipande. Mwenye bando dogo akajichagulia mwenyewe. Naamini ujumbe huo ulileta heshima kati ya chama na wanachama wake kuliko jambo lolote la kiufundi tulilofanya.

Sauti

Katika darasa hili mtu anayepoteza picha kwa sekunde kumi lakini anaendelea kusikia “acha macho mawili, kata juu yake kwa mshazari” hajapoteza somo. Anayepoteza sauti amepoteza yote. Ndiyo maana kidato cha sauti peke yake kiliwekwa, na ndiyo maana bajeti ya sauti haikuguswa hata pale picha ilipobanwa. Kilobiti 64 za AAC, kodeki ya sauti, kwa mkondo mmoja zinatosha kabisa kwa maneno. Zile 128 za stereo zilikuwa zinabeba upepo kwenye masikio mawili.

Upepo ndio uliokuwa adui hapa pia. Maikrofoni ya kubana kwenye kola ilipokea mvumo mzito, na kodeki ya sauti, kama ile ya picha, hugawa biti zake kwa kila inachokisikia. Tuliivika kifuniko cha manyoya, tukachuja masafa yaliyo chini ya hezi 100 kabla ya enkoda, na sauti ya bwana shamba ikatoka wazi bila kuongezewa hata kilobiti moja.

Matokeo na yaliyobaki

Darasa lililofuata lilirushwa kwa mpangilio huo. Enkoda haikutupa fremu, rekodi ya seva haikuwa na pengo, na Hombolo walikaa kwenye kidato cha juu karibu muda wote. Bahi walishuka mara kwa mara hadi kilobiti 150, hasa kuelekea saa sita mchana, lakini sauti haikukatika. Veyula walilalamikia jambo ambalo hatukulifikiria: maandishi yenye majina ya sehemu za tawi yaliyowekwa chini ya picha hayakusomeka kwenye kidato cha chini. Maandishi hayo sasa yanaandikwa kwa herufi kubwa, maneno mawili au matatu kwa wakati mmoja, na hukaguliwa kwenye picha ya 426 kwa 240 kabla ya kukubaliwa.

Rekodi ilibanwa upya baada ya darasa. Enkoda isiyokimbizana na saa inaweza kupita mara mbili na kutumia mbinu za polepole, hivyo kilobiti 300 zilitoa picha inayolingana na zile 400 za mubashara. Ilikatwa kwa mada, kila kipande cha dakika 6, na kwa sauti ile ile kila kimoja kikawa na megabaiti kama 16, ukubwa ambao watu wanaurushiana kwa WhatsApp au kwa bluetooth bila kuhangaika. Waliokosa darasa kabisa walilipata kwa njia hiyo, na wengine wanarudi nalo shambani, simu mkono mmoja na mkasi mkono wa pili.

Lililobaki ni ucheleweshaji. Kicheza video hupenda kuwa na vipande vitatu kabla ya kuanza, na kwa vipande vya sekunde 4, ukiongeza muda wa enkoda na wa seva, mtazamaji yuko nyuma ya shamba kwa sekunde 15 hadi 20. Kupunguza vipande hadi sekunde 1 kungesogeza muda huo, lakini kungedai fremu kamili kila sekunde, ambazo ndizo ghali kuliko zote, na kungepunguza bafa inayomlinda mtu wa Bahi mtandao unapoyumba. Tuliacha kama ulivyo. Maswali yanapigwa kwa simu ya kawaida kwenda kwa kijana anayesimama kando ya kamera, naye huyasoma kwa sauti kabla ya kujibiwa, na bwana shamba amekubali kutohamia mzabibu unaofuata mpaka simu ya mwisho iwe imeingia.